Shamba Lililovuka Mto

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya upimaji ardhi hapa Ngara, nikisubiri ramani ya shamba langu, niliyoichukua siku moja kabla, igongwe muhuri. Mbele yangu mama mmoja mzee, mkulima wa kando ya mto, alikuwa ametandaza ramani yake mezani kwa mpimaji.

"Mwanangu, hapa shamba langu liko wapi?"

"Shikamoo mama." Mpimaji akainama, akatazama. "Ng'ambo ya mto. Burundi."

Huku mpakani, neno hilo likishaingia kwenye karatasi ya serikali, mtu hapati usingizi, akiogopa kuambiwa si raia.

"Mume wangu nimemzika kwenye migomba yangu. Naye amevuka?"

Mpimaji akageukia kompyuta. Kwenye faili la mwanzo, shamba lilikuwa mahali pake. Kwenye faili alilotoa kwa ajili ya kuchapa, lilikuwa limesogea.

"Nilipolitoa faili," akasema kwa sauti ya chini, "mipangilio ya vipimo haikwenda nalo. Kompyuta ikajiwekea ya kwake."

Akairudisha, akachapa upya. Shamba likarejea Tanzania kwa dakika mbili, bila kuulizwa kitambulisho.

Mama hakuigusa karatasi. "Na waliochukua zao jana?"

Mpimaji aliinuka, akafunga mlango kwanza.

Mimi ni mmoja wa hao wa jana. Niliondoka bila muhuri, na ramani yangu bado imekunjwa. Sijathubutu kuangalia ninalala nchi gani.