Panya Waliopewa Maji ya Chumvi

Kwa wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: panya wetu walitulia kwa nguvu ya dawa, au kwa nguvu ya kile tulichoyeyushia dawa? Ninyi mnaoingia maabara mwaka huu mtaniona mdogo mno kuandika kumbukumbu za kazi. Ni kweli. Nilifanya miaka miwili tu. Lakini kazi hiyo nimeiacha, na nataka kueleza ilivyokuwa kabla sijaanza kujidanganya juu yake.

Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara, ambaye sote tulimwita Prof, alinipeleka kwenye chumba cha panya akanikabidhi kwa Papa Anaclet, fundi aliyewalisha panya wa kitivo tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimevaa koti jipya jeupe, nimelipiga pasi mara mbili. Papa Anaclet aliniuliza kama naogopa kuumwa. Nilimjibu kwamba naogopa zaidi kumshika panya vibaya nikamvunja mgongo, kisha nikaanza kumweleza mambo mengine matatu yanayoweza kuharibika. Alinikatiza.

"Assistant, we unawaza mingi. Panya anasikiaka mukono yenye kutetemeka. Shika tu."

Nilikaa naye miezi sita. Alinifundisha kumshika panya nyuma ya shingo, kumpima, kumtia alama ya wino kwenye mkia, kubadili pumba za mbao kabla harufu haijapanda. Kisha nikahamishiwa meza ya dawa, chini ya Chef de Travaux, aliyemfuata Prof kwa cheo na aliyesema maneno machache kuliko panya. Huko ndiko nilikokutana na bromocriptine.

Asili ya dawa hiyo ni ergot, kuvu mweusi anayeota kwenye masuke ya nafaka za nchi za baridi. Zamani huko, mkate wenye kuvu huyo uliwatia watu degedege na wazimu. Baadaye wanakemia walijifunza kutengeneza dawa kutokana naye, na hii yetu hupewa mama anayetaka kukausha maziwa. Prof alitaka kujua ingefanya nini kwa kifafa. Hakuhitaji kutueleza sababu. Hapa Kisangani, na zaidi ukielekea Bafwasende, kila mtu anamjua mtu anayeanguka.

Jaribio lilikuwa hivi. Kundi moja la panya lilipewa dawa. Kundi la pili, la kulinganishia, lilipewa kitu kisicho na dawa. Baada ya nusu saa kila panya alidungwa kemikali inayoleta degedege, nami niliandika alianza kutetemeka lini, alianguka lini, na ukali wake kwa daraja, kutoka sifuri hadi tano.

Bromocriptine haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inataka alkoholi kwanza. Alkoholi safi yetu ilikuwa kwenye mashua iliyokwama kwenye mchanga karibu na Bumba. Chef de Travaux akaagiza lotoko, pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa mitaani, tukaikeneka upya mara mbili kwa vioo vyetu mpaka ikawaka moto wa bluu. Tulipata chupa moja ndogo. Aliniambia nipange jaribio mwenyewe, ila nisiimalize chupa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifikiria kelele za jenereta, saa ya kulisha, joto la chumba, mpaka rangi ya vifuniko vya vizimba. Halafu, ili kuokoa alkoholi, nikaamua kundi la kulinganishia lipewe maji ya chumvi matupu. Kanuni ninayoijua tangu mwaka wa pili inasema kundi hilo lipewe kila kitu isipokuwa dawa yenyewe. Na pombe hupunguza degedege. Nilijua yote mawili, lakini siku ile sikuyakutanisha.

Panya wa maji ya chumvi walianguka kama ilivyotarajiwa. Wa dawa walichelewa, na baadhi yao hawakuanguka kabisa. Prof alinishika mkono kwa mara ya kwanza, akapanga siku ya kutoa matokeo mbele ya kitivo na watafiti wa Yangambi.

Papa Anaclet alikuwa akiwarudisha panya vizimbani, akacheka.

"Hizi zako zinatembea sawa mujomba yangu kwa matanga. Zimelewa, assistant."

Nami nilicheka. Nilicheka mpaka mlangoni, kisha nikaikumbuka alkoholi ambayo wa maji ya chumvi hawakupewa.

Sikumwambia mtu. Nilipiga hesabu ya alkoholi kwa uzito wa panya. Safari moja ilitoka ndogo mno, safari nyingine ikatoka ya kutosha. Nilijiambia nitahakikisha mashua ikifika. Kila siku nilipata sababu nzuri ya kungoja siku moja zaidi, na mtu anayewaza sana hakosi sababu nzuri.

Wiki iliyofuata Papa Anaclet alikuwa anafagia, amenipa mgongo.

"Ile dawa ya kukausha maziwa," aliuliza, "inaweza saidia mutu?"

Nilijua anamuulizia nani. Binti yake Mado, msichana mkubwa mwenye biashara yake ya mikate ya kukaanga, ana kifafa tangu utotoni. Kila jioni alimeza gardénal, ambayo ilimzuia kuanguka lakini ikamfanya asinzie mchana mbele ya wateja. Nilitaka kusema bado, kuna shaka. Lakini nikisema kuna shaka, ataniuliza shaka gani. Basi nikasema matokeo ni mazuri, Papa, nikainamia daftari. Aliendelea kufagia.

Mashua haikuwa imefika bado siku aliyokuja kazini amechelewa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mado alianguka kwa moto," alisema. "Alikuwa anakaanga mikate."

Nilimuuliza kama alisahau gardénal.

"Mi njo nilimukataza. Iko siku nane sasa. Nilimupatia ile ya maziwa, nilinunua kwa duka ya dawa."

Nilimwambia amrudishe kwa daktari sasa hivi, na gardénal isikosekane hata jioni moja. Aliondoka bila kuuliza kwa nini, na mimi sikusema.

Kesho yake nilichukua alkoholi iliyobaki na panya wanane, nikafanya kundi nililopaswa kulifanya mwanzoni: maji ya chumvi na alkoholi, bila dawa. Papa Anaclet alikuwa amerudi, akanishikia panya yeye mwenyewe. Nilipomdunga wa kwanza kemikali, alichelewa kuanguka. Wa pili vilevile. Wa sita alibaki amesimama, anasafisha masharubu. Papa Anaclet aliitazama saa yangu.

"Donc ilikuwa lotoko."

"Ndiyo, Papa."

Alimrudisha panya kizimbani, akafunga kifuniko polepole, akanyoosha mkono kupokea wa saba.

Prof alisoma karatasi yangu mara mbili. Alisema panya wanane ni wachache, niongeze mstari mmoja mwishoni kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, na kwamba wageni wa Yangambi wameshapanda mtumbwi.

"Ukiondoa kazi hii, utabaki na nini?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba sijui. Niliandika barua ya kuondoa matokeo, nikaipeleka kwa sekretari wa kitivo, akaigonga muhuri bila kuisoma. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Sasa nafundisha kemia shule ya sekondari huko Makiso, na wanafunzi wangu wanalalamika kwamba nawauliza mno juu ya kundi la kulinganishia.

Watu huniambia barua ile ilikuwa ujasiri. Mimi nahesabu zile wiki tatu. Nawahesabu pia panya walioangushwa bure, kwa sababu Papa Anaclet alinifundisha kuwajua kwa alama zao. Mkiingia kwenye chumba kile, shaka yenu isemeni siku ileile, hata ikiwa haijakomaa, hata mkichekwa. Ukiificha ikomae kwanza, kuna mtu mwingine anaendelea kuishi juu ya kosa lako.

Baada ya barua ile, Chef de Travaux aliniambia kwamba Papa Anaclet amewaeleza watu wa nyumbani kwake kwamba kumwachisha Mado gardénal kulikuwa ukaidi wake mwenyewe, hakuna aliyemshauri. Mke wake alikuwa hasemi naye. Hilo lilinikalia vibaya kuliko maneno yote ya Prof. Jumapili, baada ya misa, nilipanda pikipiki mpaka kwao Mangobo.

Mado alikuwa ameketi barazani na mama yake, mkono umefungwa bendeji kutoka kiganja hadi kiwiko. Papa Anaclet aliponiona alielewa, akainuka.

"Assistant, acha tu. Imekwisha."

Nilimwomba aniwie radhi, nikamgeukia binti yake nikamweleza kila kitu, lotoko, maji ya chumvi, mizaha ya baba yake, na swali aliloniuliza akifagia.

"Papa alisema aliamua ye mwenyewe," Mado alisema.

"Aliniuliza kwanza. Nilikuwa najua kuna kosa, nikanyamaza."

Mama yake alimtazama mumewe, kisha mimi. Mado akaanza kufungua bendeji, taratibu, kwa meno na kwa mkono mzima.

"Bon," alisema. "Angalia, basi."

Niliangalia.