Buna Iliyopikwa Mapema

Nilikuwa nikisomea dawa chooni, na sioni namna ya heshima ya kulisema jambo hilo. Choo chenyewe kilikuwa cha nje, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu hapa mtaani Wabera. Nilijifungia humo na simu, mwanga nimeupunguza, nikifungua kadi moja baada ya nyingine. Upande mmoja kuna jina la dawa. Ukigusa, kadi inageuka, unaona kazi ya dawa hiyo, madhara yake, na kile muuguzi anachopaswa kukagua kabla ya kumpa mgonjwa. Digoksini: hesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Ukikosea, kadi inaenda zake na baadaye inarudi. Zangu zilikuwa zinarudi kama mbuzi jioni.

Mtihani wa leseni nilikuwa nimeshaufanya mara moja, nikaanguka. Bila leseni, hata uwe na cheti cha chuo, humgusi mgonjwa. Nyumba nzima ilikuwa haijui kwamba nimeanguka, na sababu yake ni buna.

Kwetu Waborana buna si kahawa ya kunywa tu. Punje hukaangwa na maganda yake kwenye samli, watu wakatafuna, wakaomba dua, na jambo likishapikiwa buna limeshawekwa mikononi mwa Mungu. Mama mkwe alinipikia jioni ile ile niliyorudi kutoka mtihani. Hakungoja majibu. Majibu ya nini, na msichana amesoma miaka yote ile? Majirani walijaa sebuleni, wakanipaka samli kwenye paji la uso, na walipoondoka kila mmoja aliniaga kwa jina la sista.

Majibu yalinikuta nasukuma chapati. Nilifuta mikono, nikasoma, nikasoma tena, kisha nikaendelea kusukuma. Ningewaambiaje watu waliotoka kuniombea? Nilisema leseni imechelewa huko ofisini. Ofisi zina sifa ya kuchelewesha mambo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili.

Kilichoniumiza zaidi ni wale majirani. Walikuja na vidonge vyao wamevifunga kwenye pindo la mtandio, wakauliza, "Sista, hii nameza kabla ya kula ama baada?" Niliwajibu wote kwamba warudi hospitalini wakaulize waliowapa. Nilikuwa naogopa kukosea. Wao wakaenda wakisifu kwamba mke wa kijana wa nyumba ile ni mwangalifu sana, hakurupuki. Sifa ile ilinichoma usoni kama mvuke wa sufuria.

Mama mkwe, ambaye tunamwita ayo, yaani mama, si mtu wa kupitwa na kitu. Aliona nakaa chooni muda mrefu kuliko mgonjwa. Alisikia nanong'ona. Hata jikoni aliona nikipata jibu natabasamu peke yangu, na akitokea naigeuza simu.

"Wewe unaongea na nani huko ndani?" aliniuliza siku moja.

"Hakuna mtu, ayo."

Hakuuliza tena. Aliacha pia kunimiminia chai, na hapo nikajua anachofikiria.

Mume wangu husafirisha mbuzi kwa lori hadi Nairobi. Aliporudi Ijumaa, baada ya swala, ayo alituketisha sebuleni pamoja na dada yake mkubwa, maana neno kama lile halisemwi bila shahidi. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa.

"Mama anasema uko na mtu kwa simu," mume wangu alisema. Alikuwa anaangalia vikombe.

Na hapa ndipo aibu yangu yote ilipo. Sikujibu papo hapo. Nilikaa pale nikipima lipi ni afadhali, niitwe mke mwenye mtu au muuguzi aliyeanguka mtihani. Nilipima kweli, huku nikiuona uso wa mume wangu ukizeeka mbele yangu. Mwanamke mwenye akili angekuwa ameshaitoa simu.

Mwishowe nilimpa. Aliifungua, akakuta kadi niliyokuwa nimeiacha njiani.

"Heparini," alisoma polepole. "Ikizidi, mgonjwa anapewa nini ya kuimaliza nguvu?"

Nikajibu kwa mazoea, mbele ya baraza zima. "Vitamini K."

Akageuza kadi. Alinitazama, akaitazama tena. "Hapa hawajaandika hivyo. Wameandika protamini."

Vitamini K ni ya dawa nyingine, wafarini. Dawa hizo mbili nilizichanganya kwenye mtihani, na nilikuwa bado nazichanganya.

"Mtihani si ulimaliza?" akauliza.

"Nilianguka," nikasema. "Majibu yalikuja kitambo. Nilishindwa kusema kwa sababu ya buna."

Dada mkubwa wa ayo aliguna. Ayo alivuta mtandio akafunika mdomo, na nikaona kwamba sasa anaona haya yeye, kwa neno alilonisingizia. Nilikuwa nimeificha aibu yangu vizuri hata nikamgawia na yeye. Ningeweza kuvumilia anitukane. Aliinuka tu, akachukua kikombe changu na kunimiminia chai.

Kesho yake alinitolea kiti, akakiweka mlangoni, panapopita kila mtu. Nilikaa hapo na simu yangu, kichwa chini, mwanga wote. Haikuchukua muda jirani mmoja akaingia getini akifungua pindo la mtandio wake.

"Salaam aleikum. Sista, nimekuja na hizi."

"Huyu bado si sista," ayo alimjibu kutoka jikoni, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Alianguka mtihani. Anarudia."

Nilitamani sakafu inimeze. Jirani alisimama na vidonge vyake mkononi, hajui aangalie wapi, kisha akauliza kwa upole, "Na ile dua tuliomba?"

"Ile iko," ayo akasema. "Tulipika mapema tu. Inamngoja."

Sikuweza kuinua macho. Nilikigusa kioo, na kadi ya heparini ikarudi.