Khisa, Mtu wa Misri

Khisa Wanyonyi alikuja Isinya kuchunga kuku. Si kuku za nyumbani. Ni zile za mayai, zimejaa kwa nyumba ndefu za mabati nyuma ya barabara ya Namanga, na kazi yake ilikuwa kuzipa maji, kugeuza maranda na kuokota mayai kabla hayajakanyagwa. Bibi na watoto aliwaacha Kimilili, akawa anawaona Desemba. Siku zingine alikuwa na kuku, na Jumapili alikuwa na Sande skuli ya kanisa letu. Hiyo Sande skuli ndiyo naeleza, kwa sababu watu wamesema mengi na wengi wao hawakuwako. Mimi nilikuwako. Nilikuwa nakaa nyuma na shanga zangu, nikishona, maana kivuli cha maana huko kwetu ni ndani ya kanisa.

Kabla yake watoto walikuwa wanatoka nje kupiga tangi la maji na mawe. Khisa alipopewa hilo darasa, wakakaa. Alikuwa mtu wa kunyamaza mbele ya wakubwa, lakini na watoto alifunguka. Mambo ya zamani aliyasema kama mtu anaeleza habari ya kwao. Ibrahimu, aliwaambia, alitoka mji unaitwa Uru, mji wa matofali ya udongo kando ya mto mkubwa, na watu wa huko waliabudu mwezi. Akasikia sauti, akahama na mbuzi zake na hema zake. Hapo watoto wetu wa Kimaasai walisikiza sana. Mtu wa kuhama na mbuzi wanamjua.

Shida ilikuwa Misri.

Wabukusu, watu wa Khisa, wanasema walitoka Misri. Kuka yake, yaani babu, alimwambia hivyo akiwa mdogo na akamwambia asisahau. Hakusahau. Kwa hivyo walipofika mahali pa Musa na Farao, mwalimu wetu alikuwa ng'ambo ile ingine. Hakusema Wamisri. Alisema watu wetu. Watu wetu walijua mto utafurika lini kwa kuangalia nyota. Watu wetu walichora ndege na jicho kwa mawe, na hiyo ikawa kuandika. Watu wetu walizika mfalme na mkate wake na pombe yake, kwa sababu walijiuliza mtu akifa anaenda wapi. "Na hilo swali," aliwaambia watoto, "mpaka leo ndilo linatuleta hapa kila Jumapili."

Na bahari ilipofunga juu ya askari wa Farao, hapo ambapo kanisa lote hupiga vigelegele, Khisa aliwaambia watoto wanyamaze kidogo.

"Hao walikuwa vijana wa watu," alisema. "Walitumwa."

Siku hiyo nilimngoja mlangoni. "Khisa, hao ni adui wa Mungu."

"Mfalme ndiye alikuwa adui, koko. Askari ni mtu ameandikwa kazi." Koko ni nyanya kwa Kimaasai, hapa wote wananiita hivyo.

"Sisi Wamaasai tulipanda kutoka bonde la Kerio, hivyo ndivyo wazee wetu wanasema. Umeniona nikililia watu wa Kerio?"

"Pengine hao hawakuzama."

Mtu akijibu hivyo unamwacha.

Karibu na geti ya hao kuku kuna duka ya Fardosa, mama Msomali wa kutoka Garissa. Khisa alikuwa anakaa hapo jioni na chai, na mimi nikienda kununua sukari nawapata. Siku moja nikawapata kwa hiyo hiyo mambo ya Farao.

"Firauni alizama," Fardosa alikuwa anasema. "Hiyo hata mtoto wa duksi, anayeanza kusoma Kurani, anajua. Huyo mtu hana wakili."

"Ona sasa," Khisa akasema. "Musa, Wayahudi wanamtaka, Waislamu wanamtaka, sisi tunamtaka. Ibrahimu vile vile. Farao peke yake hakuna dini inamtaka."

"Kwa nini wewe unamtaka?"

"Ni wa kwetu."

Fardosa akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akamhurumia. "Lakini bibi yake alikuwa mwema. Asiya. Huyo ndiye alimtoa Musa kwa maji akamlea. Huyo yuko peponi."

"Si bibi yake," nikasema. "Ni binti yake."

"Bibi yake, mama."

"Binti. Iko kwa Biblia."

"Na hii iko kwa Kurani."

Tungeendelea mpaka kesho. Khisa ndiye alitukata. "Bibi ama binti," alisema, "si ni mtu wetu?" Akaenda kwa kuku zake akiwa amefurahi kama mtu amepata ndugu.

Maneno yakafika kwa mchungaji Gakuru, kwamba Sande skuli inafundishwa kumlilia Farao. Mtoto mmoja alikuwa amemwombea mezani, mbele ya wageni. Mchungaji akamwita Khisa mbele yetu wazee wa kanisa. Hakumkaripia.

"Mwalimu, Jumapili ya watoto inakuja. Watacheza hiyo hadithi ya bahari. Maji yakifunga, nataka waimbe, waruke, na wewe upige makofi nao. Ukifanya hivyo, darasa ni lako. Ukikataa, namwachia Whitney."

Whitney ni msichana anaishi Kitengela, ana spika na nyimbo kwa simu. Si mtu mbaya.

Khisa aliangalia chini. Mtu asiyemjua angeona ni kitu kidogo. Lakini hakuwa na kilabu, hakuwa na jamaa hapa, na kuku hawamwiti mtu mwalimu. "Nitapiga makofi," alisema.

Mchungaji akatuuliza wazee tunasemaje, na mimi niliinua mkono upande wake. Mpaka leo niko upande huo.

Wakafanya mazoezi, nami niko hapo na shanga zangu. Kusema kweli, Khisa alifuata mapatano. Aliwafundisha kuruka. Mahali aliongeza ya kwake ni kwa binti Farao tu. Hiyo sehemu alimpa Apondi, mtoto wa wale wapangaji wa kona, na akamweleza pole pole: "Wewe ndiye mtu mzuri wa Misri. Unaona mtoto wa wenyewe ameachwa kwa maji, anasikia baridi. Huulizi ni wa kabila gani. Unamfunika." Apondi akatingisha kichwa. Kazi yake iliisha hapo mtoni, kwa kikapu.

Siku ikafika. Bahari ilikuwa turubai mbili za bluu za nyumba ya kuku, na zilikuwa bado zinanuka kuku. Musa akapita. Askari wakaingia, turubai zikafunga, wakaanguka kwa simiti. Watoto wakaimba, wakaruka, kanisa likapiga vigelegele, na Khisa akapiga makofi kama alivyosema. Nilimwangalia. Alipiga makofi yote.

Wimbo ulikuwa haujaisha Apondi alipotoka kwa benchi ya watoto. Akachukua shuka yangu, ile nyekundu nilikuwa nimeweka kando, akaenda kwa askari, akawafunika miguu. Haikuwatosha. Akawa anaivuta huku na huku. Waimbaji wakaona, wakaacha mmoja mmoja, na mwisho ilibaki spika ya Whitney peke yake.

Baada ya ibada mchungaji akamshika mtoto bega, si kwa ubaya. "Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Apondi akakunja nguo yake kwa mkono. Machozi ilikuwa karibu.

"Ni mimi," Khisa akasema. "Nilimfundisha."

"Na tulipatana."

"Tulipatana, mchungaji."

Akatoa ufunguo wa kabati ya vitabu, akampa Whitney.

Nilimfuata mpaka nje, kwa sababu sipendi uongo uachwe hivyo. "Nilikuwa kwa mazoezi yote. Hukumfundisha kufunika askari."

"Nilimfundisha kufunika mtu anasikia baridi, koko."

"Si kitu kimoja."

"Kwake ni kimoja," alisema, akanirudishia shuka yangu, ameikunja. Ilikuwa inanuka kuku.

Bado anachunga hao kuku. Jumapili anakaa benchi ya mwisho, karibu na mimi, na anaimba kila kitu isipokuwa wimbo wa bahari. Mimi naimba, na nasimama. Farao alikuwa mbaya, na mchungaji alisema kweli.

Lakini Whitney ana shida moja. Wakati wa Khisa watoto walikuwa wanagombania kuwa askari. Siku hizi kila mmoja anataka kuwa Musa, na Whitney inabidi anunue biskuti kwa Fardosa, awape wale watakubali kuzama.