Kanda Iliyosemekana Tupu

Wallahi sina faida ya kuwadanganya. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize, maana haya hayakumpata shangazi ya mtu wala jirani wa mtu. Yamenipata mimi, hapa hapa Mishomoroni, jua likiwa la utosi.

Marehemu mume wangu, Hamadi, alikuwa mtangazaji wa kijiredio chetu cha mtaani. Kila asubuhi alisoma salamu na matangazo ya vifo. Aliwatangaza wafu wa Kisauni nzima kwa upole, hadi watu wakawa wanasema ukisomwa na Hamadi umezikwa vizuri. Yeye alipofariki alisomwa na mtu aliyekosea hata jina la babake. Mimi nilikuwa na mimba. Rukia akazaliwa, akapewa jina siku ya saba, akakua bila kuisikia sauti ya babake hata mara moja.

Na sauti ilikuwapo! Nafanya kazi ofisini hapo hapo redioni, na nilijua vipindi vyote vya zamani vimehifadhiwa kwenye kanda za akiba, yale makasha bapa ya plastiki yaliyopangwa kabatini. Nilikuwa nangoja tu Rukia apate akili, nimsikizishe.

Basi mashine ya kusomea kanda hizo ikaharibika. Bosi akanunua nyingine, kuukuu, ya aina mbali kabisa. Kila kanda ya zamani ukiitia humo, kompyuta yaandika: tupu. Bosi akafurahi kweli kweli. Ati kumbe tuna kanda kabati zima, ya nini kununua mpya? Akaamuru Ijumaa, baada ya swala, zote ziandikwe upya, yaingie matangazo ya sabuni na magodoro. Nikamwambia si tupu, ziliandikwa na mashine nyingine na hii haijui kuzisoma. Nikamsihi tuitengeneze kwanza ile ya zamani, walau sauti ya Hamadi itolewe. Mwajua alinijibu nini?

"Mama Rukia, kompyuta imesema tupu. Wewe wajua kuliko kompyuta?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakaenda msikitini, nikabaki ofisini peke yangu. Mara akaingia mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, akatoa salamu, akasema yeye ni fundi na ameitwa kwa ajili ya kanda. Nikadhani Bosi ameingiwa na imani. Nikamkaribisha maji, akakataa. Akaingia stoo bila kuonyeshwa njia, akatoka ameibeba ile mashine ya zamani, akaiweka mezani na kutia kanda moja. Haikuchukua muda. Jamani, Hamadi huyo, anasema!

Mwanzo zilikuwa salamu zake zile zile, na kile kikohozi chake kabla ya kusoma majina. Nikaisogelea mashine, sijui kwa furaha, sijui kwa uchungu. Halafu Hamadi akaita, "Rukia." Niambieni, mtu aliyezikwa kabla mtoto hajazaliwa alilijulia wapi jina hilo? Akaita tena, taratibu, kama anavyoitwa mtoto aliye chumba cha pili. Nikafungua kinywa niitike kwa niaba ya mwanangu, kama mama yeyote. Yule fundi akanitazama.

"Nyamaza," akasema. "Hukuitwa wewe."

Akaitoa kanda, akanipa mkononi, nami nikaitia mkobani haraka. Nilipoinua macho hayupo, na juu ya meza hamna kitu.

Nikatoka mbio hadi langoni. Mlinzi wetu, mzee mmoja Mkristo wa bara, alikuwa kwenye kiti chake kile kile, akaapa hakuna aliyepita. Nikamuuliza mashine ya zamani iko wapi. Akanitazama kama mgonjwa. Ati si alikuja mnunuzi wa vyuma jana yake, na yeye mwenyewe akasaidia kuipakia mkokotenini?

Alasiri ile kanda zote zilifutwa, na Bosi akipiga mluzi. Simsamehei. Akisoma haya, ajue.

Hiyo yangu moja iko nyumbani, ndani ya kabati la nguo. Nimeipeleka kwa mafundi hadi Changamwe, hadi Likoni, na mashine za kila aina zasema tupu. Mimi Hamadi hasemi nami tena. Lakini kila Ijumaa, adhana ya adhuhuri ikiisha, Rukia huacha mchezo wake, akasimama mbele ya kabati na kusema, "Abee, baba." Sisikii anayeita. Nasikia anayeitika tu.

Na sisi tumelelewa hivi: ukisikia waitwa na humwoni akuitaye, usiitike, maana aitikaye huchukuliwa. Nimemkanya, nimemchapa, nimemsomea. Aniambia babake ana sauti nzuri. Niitupe kanda? Nimzike Hamadi mara ya pili, kwa mkono wangu, niwe sawa na Bosi? Siwezi. Basi nawaonya nyinyi: mkiwa na sauti ya marehemu wenu, mtoto aisikie mapema, akiwa mapajani penu. Msingoje hadi mashine iseme tupu. Na akija msiyemjua kuwazungumzishia wafu, asitake hata maji, mfukuzeni.

Ijumaa iliyopita Rukia aliitika kama kawaida. Kisha akaniuliza ndara zake ziko wapi.