Springi ya Bunduki ya Baba

Juzi mjukuu wangu wa kike aliniletea bunduki mpya ya upepo, ile ya kukunja mtutu, akailaza kwenye mkeka nilipokuwa nachambua mchicha. "Shikamoo Bibi. Hebu ikunje wewe, nione." Nikaishika, nikakaza meno, mtutu ukagoma katikati. Akacheka, nami nikacheka, halafu harufu ya grisi ikanifika puani nikaiweka bunduki chini. Usinione kizee cha kulialia, rafiki yangu. Harufu ile nilifikiri tulishaizika.

Kwetu ni Samuye, Shinyanga. Nilipokuwa mtoto Waingereza ndio waliokuwa serikali, na wanaume wa kwetu walikuwa wameanza kwenda Geita kuwachimbia wazungu dhahabu. Baba naye alikwenda. Alikaa huko misimu kadhaa akitoboa mawe chini ya ardhi, kisha akarudi na shuka la mama, sukari, bunduki ya upepo aliyoipitia kwa Mhindi wa Shinyanga mjini, na kikohozi. Kikohozi hatukukitia maanani siku ile. Macho yetu yote yalikuwa kwenye bunduki.

Ilikuwa ya kufukuzia ndege shambani. Nani asiyewajua kweleakwelea? Mtama ukianza kukomaa wanashuka kundi zima, na wakiondoka mnabaki na mabua. Sisi wasichana ndio tulioshinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, tangu umande haujakauka, kombeo mkononi, tukipiga makelele hadi sauti zinakauka, tukitafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa na kugombania mtindi kwenye kibuyu kimoja. Baba alisema bunduki itatupumzisha koo. Maskini baba, kumbe koo lililohitaji kupumzika lilikuwa lake.

Kwanza ilibidi ailinganishe. Alitundika kibuyu kikuukuu kwenye mkwaju, akarudi nyuma, akafyatua. Risasi, ndogo kuliko punje ya hindi, ikapita kushoto. Akakigusa kwa bisibisi kile kidude cha nyuma cha kulengea, kidogo tu, akafyatua tena. Alikuwa na subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Ilipotulia, kibuyu kilitobolewa mbele na nyuma, na mimi nilipitisha jani la unyasi kwenye lile tundu kumwonyesha kila aliyekuja.

Lakini kuikunja ilikuwa kazi. Kila alipouvuta mtutu kuishindilia springi, kikohozi kilimshika, akakaa chini, jasho likimtoka. Mama akisimama mlangoni na mwiko, baba alimtania: "Mama watoto, usinitazame hivyo. Siku nitakayoikunja hii bila kukohoa, ujue nimepona." Ilikuwa masihara ya kumtoa hofu, lakini mama aliyashika. Kuanzia hapo kila baba alipoigusa ile bunduki, mama aliacha kazi na kusikiliza. Bibi, mama yake baba, naye akawa hivyo hivyo. Nyumba nzima ikaishi kwa kungoja mkunjo mmoja.

Bibi ndiye aliyeanza kusaidia, na msaada wa bibi ukikufika hukuwa na pa kukimbilia. Ndani ya bunduki ile mna kiziba cha ngozi, kama cha pampu ya baiskeli. Bibi alipokiona kimekauka alishangaa watu wa mjini walivyo wazembe. Sisi Wasukuma ngozi tunailainisha kwa samli, tangu ngozi ya kulalia hadi ya kubebea mtoto. Baba alipokwenda kuona ng'ombe, yeye akamimina samli ndani, tena ya kutosha.

Baba akarudi, akafyatua. Mlio uliotoka uliwaangusha kuku. Moshi ukatoka mtutuni unanukia kama jiko la sikukuu, na majirani wakaja mbio wakishangilia kwamba sasa ndiyo bunduki ya kweli. Bibi akatembea kifua mbele. Risasi hatukujua ilikokwenda. Samli ilikuwa imeshika moto ndani kama baruti, na ncha ya springi ikakatika. Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka bibi mwenyewe akaacha kutamba.

Ikabidi aitengeneze. Alifungua vyote juu ya gunia, akaikata ile ncha mbovu kwa tupa, nami nimemshikia springi kwa mikono miwili. Alipoirudisha, ikakunjika kwa wepesi kidogo. Nilimwona akitulia, ameiweka mapajani, anafikiri. Baada ya siku chache aliifungua tena, akakata tena, ingawa haikuwa mbovu. Nikamuuliza kwa nini.

"Nguvu nyingi zinayumbisha shabaha, ng'wanawane," akaniambia.

Nilimwamini, na uongo haukuwamo ndani yake. Fundi yeyote atakwambia hivyo. Akakata, akalenga upya, akakata tena. Kila mara alikisogeza kibuyu karibu. Mimi nilifurahi kwa sababu alikuwa anakipata katikati.

Mtama ulipokuwa mwekundu, akatuita wote uani. Akasimama wima, akaushika mtutu, akaukunja mara moja, taratibu, uso mkavu. Hakukohoa. Akafyatua, kibuyu kikacheza kwenye kamba.

Bibi alipiga vigelegele mpaka wifi zake wakaitika mji wa pili. Alikoroga unga wa uwele kwenye maji, akajaza mdomoni, akampulizia baba kifuani kuwashukuru wazee waliotangulia, akaipulizia na bunduki. "Wabeja, wabeja," alisema, machozi yakichanganyika na unga. Nami nilikuwa naruka ruka kama ndama.

Mama hakuruka. Alikwenda kwenye mkwaju, akakishika kibuyu. Hakikutobolewa. Palikuwa na kovu dogo tu, kama la ukucha, na risasi yenyewe ilikuwa imeanguka chini ya mti. Mama akamtazama baba, baba akamtazama mama. Kisha mama akakigeuza kibuyu, upande wenye matundu ya zamani ukaelekea kwa bibi, akaja kwetu akipiga makofi. Usiku ule tulichinja jogoo.

Baba hakufika mavuno. Bibi alimlilia akisema amerogwa, maana mtu aliyepona hafi hivyo, na mama hakumwambia neno hadi naye bibi alipomfuata.

Mkwaju ulishakatwa, shamba limejengwa nyumba za bati, na sijui bunduki iliishia kwa nani. Watoto wa siku hizi hawajui hata dungu ni nini. Hayo nayavumilia. Ninachoshindwa kukivumilia ni kwamba mikono iliyoishika ile springi ikikatwa ilikuwa yangu, na nilikuwa naimba.

Mjukuu wangu aliniona nimeiacha bunduki yake mkekani, akanionea huruma. "Bibi, niipeleke kwa fundi apunguze springi? Utaikunja bila taabu."

"Usiiguse," nikamwambia. "Acha inishinde, na wewe uone."