Mwaka wa Mama Mwanvua

Mama mkwe wangu, Mwanvua, alizaliwa Ujiji, akaolewa Ujiji, na dagaa wa Kibirizi kawaanika tangu hajavunja ungo. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha baba yake, Mmanyema wa ng'ambo ya ziwa. Miaka ile ya wakimbizi, ulimi wa namna hiyo ulitosha kukupandisha lori. Jirani yetu alipelekwa kambini na kanga ya kuogea.

Siku msako wa wasio raia ulipofika mtaani kwetu nilitetemeka, sisemi uongo. Mume wangu Chande alikuwa ziwani. Tukapangwa foleni, na mezani alikaa karani, kijana wa Kalinzi, Oswald, na kompyuta yake, askari kasimama pembeni.

"Shikamoo, bibi. Ulizaliwa lini?"

"Marahaba. Arobaini na tisa, mfungo sita."

Akaandika Juni 1949. Kisha nikampa cheti cha kuzaliwa cha Chande, kuonyesha kwamba mwanawe ni raia. Chande ni wa 1952. Mashine ikakataa.

"Bibi, ulimzaa mwanao una miaka mitatu?" Oswald alikunja uso. "Huyu si mwanao. Nani kakufundisha useme hivyo?"

Askari akamshika Mama mkono.

Mwoga akibanwa huropoka, nami niliropoka. "We kaka, hebu sikia! Huo si mwaka wa kalenda yako ya ukutani. Wazee wa Ujiji wanahesabu mwaka wa Kiislamu. Ni elfu moja mia tatu arobaini na tisa, na mfungo sita ni mwezi wa Maulidi. Juni umeitoa wapi?"

Akaandika hivyo hivyo, 1349. Mashine ikaona bibi ana miaka zaidi ya mia sita, ikakataa tena. Kwenye kioo chake palikuwa na kisanduku cha siku, cha mwezi na cha mwaka. Cha kuuliza mwaka huo ni wa hesabu ipi hakikuwepo. Na askari alikuwa hajamwachia.

Ndipo Hamdani, karani wa meza ya pili, akasogea, akapiga hesabu kwenye karatasi. Ikatoka 1930. Tarehe je? Nani angeijua? Mashine haikubali siku tupu, na kwao asiyejua siku yake huandikiwa moja Januari. Akaandikiwa hivyo, mashine ikakubali, na askari akamwachia.

"Lakini mimi ni wa Maulidi," Mama akanong'ona.

"Bibi, ishike tarehe hii kichwani," Oswald akamwambia kwa sauti ya chini. "Siku nyingine ukiulizwa ukataja tofauti, mimi sitakuwepo."

Akaishika. Aliirudia akianika dagaa, aliirudia akimaliza kutawadha. Nilimwambia, Mama, yamekwisha, malori yameondoka. Akaniambia nifunge mlango kwanza. Akibishiwa hodi, aliitaja kabla ya kuitikia karibu, na moyo wangu uliuma kila mara.

Mwaka aliofariki tulimpeleka hospitali, homa imempanda. Muuguzi akamwinamia kwa upole.

"Bibi, unaitwa nani?"

"Moja Januari, elfu moja mia tisa thelathini," akasema, akaishika kanga yangu kwa mikono miwili.