Mayai Yangu na Mdomo Wangu

Mpaka leo nikikumbuka, uso unaniwaka. Mwaka ule mimi na Mama Kulwa tuliuza uji na mayai ya kuchemsha nje ya lango la mgodi wa dhahabu, huku Geita, meza zetu zikitazamana. Yai lake ukiligonga, ganda linatoka lote, linabaki jeupe na laini. Langu lilitoka na nyama yake, kana kwamba limegugunwa na panya. Wachimbaji wakahamia kwake.

Asubuhi moja mchimbaji alinirudishia yai akaniuliza, “Mama Shija, hili nilimenye au nilichimbe?” Wenzake wakacheka. Hasira ikanipanda kichwani. Nikavuka mpaka mezani kwa Mama Kulwa, nikasema mbele ya watu wote, “Unaniwekea dawa. Mimi nachemsha mayai yaliyotagwa asubuhi hiyohiyo na kuku wangu mwenyewe. Yanaharibikaje bila mkono wa mtu?”

Kwetu mtu akiitwa mchawi, anaweza kuuawa.

Mama Kulwa aliweka upawa chini. “Mama Shija, yai la leo haling'oki ganda. Lazima likae siku kadhaa. Haya yangu ni ya kuku wako. Yale unayoyakataa kwamba yamekaa mno, mumeo huniuzia.”

“Mume wangu yupi?” nikafoka.

Alitazama nyuma yangu, nami nikageuka. Baba Shija alikuwa amesimama pale na kapu la mayai mkononi.